Bwana Mpole Ni Mimi Mama Yake

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, lakini siwezi kukuvamia na shida zangu bila salamu kama mtu asiyelelewa, kwa hiyo natumaini hujambo, na wa nyumbani kwako hawajambo, na hao wanaokufungulia bahasha ofisini hawajambo. Sisi huku tupo. Mume wangu, fundi bomba, hajambo ila goti la kushoto, ambalo likiingiwa na baridi linamfanya awe mkali kwa watu wasio na hatia, na hilo nitalifikia. Mama mkwe hajambo, masikio yamekwisha lakini macho hayapitwi na kitu. Kitinda mimba wangu wa darasa la sita hajambo, anarefuka tu, sare ya mwaka huu imeshamwacha magotini. Jirani yangu msusi, ambaye si ndugu lakini chumvi yangu yote iko jikoni kwake, hajambo. Binti yangu mkubwa hajambo ya mdomoni tu, na yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Mimi mwenyewe nikisema sijambo nitakuwa nakudanganya, maana hii ni wiki ya pili usingizi nausikia kwa majirani.

Usinicheke mwandiko, niliishia darasa la nne, na barua hii nimeiandika siku tatu.

Kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu hapa nyumbani, mashati ya ofisini na magauni, na binti yangu huyo kazi yake ni kugawa karata, na usishtuke, si karata za vichochoroni, kuna jengo kubwa limekatwa vyumba vyumba, kila chumba kina mataa makali na meza yenye kitambaa cha kijani na kamera mbele yake, na wachezaji wako makwao huko, mmoja kitandani, mwingine kwenye kiti cha bosi wake, wanamwona binti yangu kwenye simu na kuweka dau, yeye hawaoni hata mmoja, anaona majina waliyojipa na maneno wanayoandika, ndiyo hiyo wanayoiita kasino ya mtandaoni. Mume wangu mwanzoni aliruka, akasema hakumsomesha mtu akagawe kamari, lakini mtoto kukaa nyumbani miezi saba bila kazi kukamlainisha, akasema, "Basi awe anagawa tu. Asicheze."

Kilichoniumiza mimi ni tabasamu. Sharti la kazi yao ni kutabasamu saa zote nane, hata mtu akiandika upuuzi, kwa hiyo mtoto akirudi jioni uso wake umechoka kama mguu uliotembea, hataki kucheka, hataki kusema. Namuuliza, "Kazini vipi, mwanangu?" Anasema, "Salama, mama." Namuuliza umekula nini. "Chakula, mama." Basi, anaingia chumbani, na huyu ni mtoto ambaye zamani alikuwa akisimulia hadithi ya kwenda dukani mpaka mboga inaungua.

Siku moja namlilia msusi haya, akaniambia, "Shoga, unalia humwoni mwanao akicheka, na mwanao anacheka kutwa nzima kwa kila mwenye bando!" Akachukua simu yangu, ile kubwa aliyoninunulia binti mwenyewe kwa mshahara wa kwanza, akaingiza namba yangu na kitambulisho changu, akaniuliza jina la kuchezea. Nikasema weka mama wa fulani. Akasema, "Acha ushamba, ukiweka jina la kike wanaume wa humo hawatakuacha upumue. Weka Bwana Mpole." Akacheka peke yake. "Ndiye mume niliyemtafuta maisha yangu yote nikamkosa."

Nikaiegemeza simu kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia nguo, pale pale juu ya meza ya pasi, na mshauri, nikamwona mwanangu. Nadhifu, shingo imenyooka, mikono inagawa karata kama maji yanavyomiminika, na anatabasamu, hadi lile jino la pembeni lililopanda mwenzake likaonekana, jino ambalo nilikuwa nimeshalisahau. Nikavuta kiti nikakaa.

Sasa kukaa tu kwenye ile meza hairuhusiwi, ukiangalia raundi kadhaa bila kuweka kitu wanakutoa, kwa hiyo nikawa naweka lile dau dogo kabisa, na naomba hili lieleweke, mimi sichezi kamari, mimi nalipia kiti. Nikipoteza naona sawa, nimelipa. Nikishinda naona aibu, kama nimeingiza mkono mfukoni mwa mwanangu.

Na hapo ndipo lilipoanza jambo la bakshishi. Nikawa naona watu wanashinda hela nyingi kisha wanaondoka hata ahsante hakuna, kama mtu anatoka chooni, na mwanangu anawaambia, "Karibu tena, siku njema," na jina lao limeshapotea. Na pembeni ya skrini kuna kitufe chenye picha ya kikombe, ukikibonyeza unampa anayegawa karata hela ya chai. Nikakumbuka mshauri wewe mwenyewe uliwahi kumjibu mtu mmoja kwenye gazeti hili kwamba kumwachia mhudumu wa hoteli chochote kitu ni uungwana, msusi alinisomea nikiwa nasukwa. Nikasema basi mimi ni muungwana. Nikabonyeza, sawa na bei ya mkate mmoja, na mwanangu akainua macho akanitazama, yaani alitazama kamera lakini mimi niliona ananitazama mimi, akasema, "Ahsante sana, Bwana Mpole, umenifurahisha sana leo."

Nilisahau pasi juu ya kola ya shati la mwalimu mkuu. Ikatoboka.

Tangu siku hiyo nikawa natoa kila siku, nikishinda natoa, nikipoteza natoa, mpaka wachezaji wenzangu wakaanza kunisema, kuna mmoja anajiita Mfalme wa Kona akaandika, "Huyu Bwana Mpole anatuharibia soko, anatoa bakshishi hata akiliwa." Mwingine akaandika, "Mwache, ana lake jambo huyo." Nikahangaika kutafuta herufi dakika tano nzima nikawajibu, "Mtoto wa watu amesimama tangu asubuhi mpeni hata hela ya maji." Mwanangu akaisoma kwa sauti, akacheka kicheko cha kweli, si kile cha kazini, mimi mama yake navijua vyote viwili.

Na hela nilikuwa natoa wapi? Hapo ndipo ninapoona haya. Kila Jumamosi binti ananipa hela kidogo ya kuweka ili nikatengeneze miwani, maana uzi wa sindano siuoni tena, na mimi hela ile ile ya miwani nilikuwa namrudishia kwa njia ya kikombe. Nilifikiri inazunguka tu ndani ya nyumba.

Halafu nikazoea kuandika. Nikimwona anakohoa naandika, "Kunywa maji ya moto." Saa saba nikiona midomo imekauka naandika, "Umekula?" Naye anajibu vizuri, "Nitakula zamu ikiisha, Bwana Mpole, ahsante kwa kunijali." Mshauri, nyumbani nikimuuliza umekula ananiambia "Chakula, mama," na huku ananishukuru kwa kumjali! Nilijiona nimepata mtoto wangu tena.

Jumatatu ya wiki iliyopita aliondoka nyumbani na viatu vipya vyeusi, na nilimwona pale mlangoni anachechemea, nikasema nikimwambia atasema sijui mitindo, nikamwacha aende. Mchana nipo kwenye meza yangu, yeye kwenye meza yake, nikaona anavuta pumzi na kubadilisha mguu, nikabonyeza kikombe nikaandika, "Hivyo viatu vipya vinakubana. Vivue tu chini ya meza hakuna atakayekuona."

Mwanangu alianza kuisoma kwa sauti kama kawaida, akafika katikati, akakwama. Akatazama miguu yake. Kisha akatazama nyuma yake. Kamera ya pale mshauri inamwonyesha kuanzia tumboni kwenda juu, mimi hilo sikulifikiria, mimi nilikuwa namwona mzima kwa sababu nimemzaa. Karata zikamtoka mkononi zikamwagika mezani nyuso juu, raundi ikafutwa, watu wakaanza kutukana, akaja mwenzake akamtoa pale, na mimi huku nimeshika pasi hewani sielewi nimefanya nini.

Alirudi nyumbani mapema, rangi imemtoka. Akatuambia sote, "Kuna mwanaume ananiona mpaka miguuni. Anajua nilichovaa. Anajua lini nakohoa. Anaitwa Bwana Mpole." Mume wangu kijiko kikasimama njiani. Akasema, "Nikimtia mkononi huyo Bwana Mpole, nitamfunga kwenye mlingoti kwa bomba la nusu inchi." Na Bwana Mpole alikuwa amesimama nyuma yake, anamwongezea mchuzi.

Nilitaka kusema pale pale, haki tena, mdomo nilishaufungua, ndipo binti akaendelea kwamba msimamizi wake amemuuliza kama anamjua mtu huyo, kwa sababu sheria ya kwao ndugu wala rafiki wa mgawaji haruhusiwi kucheza kwenye meza yake, wanaogopa watu kupangiana karata, na akigundulika anajuana naye kazi hana. Naye amemjibu, "Naapa kwa mama yangu mzazi, simjui." Nikarudisha mwiko kwenye mchuzi.

Kesho yake nikafanya jambo la kijinga kuliko lote. Nilitaka kumtoa hofu. Nikabonyeza kikombe mara mbili nikaandika, "Usiogope. Mimi nakupenda siwezi kukudhuru." Mshauri, mtoto alilia mbele ya kamera. Baadaye simu ikaandika kwamba akaunti yangu imezuiwa kwa uchunguzi, na binti akaja kutuambia kwamba ofisi imeomba taarifa za aliyejiandikisha, jina na kitambulisho, na majibu ni mwisho wa mwezi huu. Jina la ukoo kwenye kitambulisho changu na lake ni lile lile. Na siku hiyo hiyo nikasikia akimwambia baba yake kwamba bakshishi zile nusu inachukua kampuni, na nusu inayobaki wanagawana wote waliokuwa zamu. Basi hata ile hela ya miwani haikuwa inazunguka ndani ya nyumba.

Ningekuwa nimeishia hapo labda ningejinyamazia. Lakini sasa mume wangu ameacha kazi za watu, mabomba yanavuja huko anaitwa haendi, anamsindikiza binti asubuhi mpaka kituo cha basi, na spana kubwa kwenye mfuko. Pale kituoni hukaa fundi saa mmoja na kimeza chake, mtu mzima, mjane, mwenye maneno mawili kwa siku. Alhamisi, fundi saa akamwambia mume wangu kwa wema tu, "Binti yako siku hizi havai vile viatu vipya?" Mume wangu hakungoja. Alimkunja shati, akamwinua, kimeza kikapinduka, vile vidude vya saa vidogo kama mbegu za nyanya vikamwagika vumbini, na anamuuliza, "Kwa hiyo Bwana Mpole ni wewe?" Yule baba anasema, "Mzee mwenzangu, mimi simu yangu ni ya kubonyeza, hata picha haionyeshi." Watu wamejaa, wengine wanapiga picha. Wakaamuliwa, lakini jina limemganda. Kitinda mimba anasema watoto wakimwona wanamwimbia, "Bwana Mpole, Bwana Mpole." Tangu Alhamisi hajafungua. Mimi nilipita pale jana na kapu la nguo, nikaona mtu anaokota skrubu kwa sumaku peke yake, nikavuka upande wa pili wa barabara.

Msusi anasema, "Nyamaza, futa kila kitu, tupa laini ya simu, useme uliibiwa kitambulisho. Utamfukuzisha kazi mwanao kwa mdomo wako." Nikimsikiliza naona ana akili. Nikimwona mwanangu akitazama nyuma kabla ya kufungua mlango wa nyumba yetu wenyewe, naona sina hata roho. Nikisema, amekula kiapo cha uongo kwa jina langu na kazi inakwenda. Nisiposema, anamwogopa mtu ambaye anampikia chai. Na mume wangu nikimwambia sijui kama nitabaki nyumba hii.

Nifanye nini? Na bado naomba uniambie, ile bakshishi yenyewe ilikuwa kosa? Au kosa ni kuandika? Kiasi gani kinafaa kumpa mtu wa kazi ile, na unampaje bila kumtisha? Maana mimi niliona ni adabu.

Nijibu upesi mshauri, usingoje zamu yangu kwenye foleni ya barua, mwisho wa mwezi si mbali. Usitume kwenye simu yangu, likiingia jioni binti anaweza kuliona. Tuma kwenye namba ya msusi niliyoandika nyuma ya bahasha, hata usiku wa manane atanigongea. Nangoja mlangoni.

Ni mimi, mama wa msichana wa karata.


JIBU LA MSHAURI

Mama wa msichana wa karata,

Salamu zimefika zote, hadi za mama mkwe. Jibu hili nimelituma kwa msusi wako siku niliyopokea barua yako, na gazetini linatoka baadaye, ukishamaliza yako.

Nilicheka, sikufichi. Nilicheka mpaka kwenye viatu. Pale nilipofika kituoni nikaacha kucheka.

Nianze na swali lako la bakshishi, maana uliuliza kwa nia njema na wapo wengi wanaofanya hivyo hivyo bila nia njema. Kumpa chai mtu anayekugawia karata si kosa, wala si lazima. Akikuhudumia vizuri, umeshinda, unacho, toa kidogo mara moja unapoondoka, sema ahsante, nenda zako. Ukiwa umeliwa, huna deni naye. Huna, usitoe, ahsante peke yake inatosha na haina makato. Wala usimtemee mate Mfalme wa Kona eti hatoi. Lakini ukishabonyeza kile kikombe, biashara imekwisha. Hukununua macho yake, hukununua jina lako litajwe, hukununua haki ya kumuuliza amekula nini na amevaa nini. Yeye amefungwa pale mbele ya kamera, hawezi kuondoka, hawezi kukunja uso, amelipwa akutabasamie. Mtu wa namna hiyo ukimwandikia "nakupenda, usiogope", unamfungia mlango kwa nje. Nasema hili kwa wanaume wote wanaosoma ukurasa huu na vikombe vyao mkononi.

Na wewe mama, usinitwike mimi lile la mhudumu wa hoteli. Mhudumu yule anamwona anayempa. Wewe ulitoa ukiwa umejificha nyuma ya jina la mwanaume. Halafu eti unalipia kiti! Mama, hiyo ni kamari. Uliweka dau, uliliwa, uliweka tena kesho yake, na ulitumia hela ya miwani. Wengi wamo humo wanaamini wanalipia kiti.

Najua ulichokuwa unatafuta. Ulimkumbuka mtoto wako aliye chumba cha pili. Hilo halina hukumu, limenigusa, na akina mama wengi watalielewa kuliko watakavyokiri. Lakini aliyekuwa anakushukuru kwa kumjali alikuwa kazini. Yule anayekujibu "Chakula, mama" ndiye aliyekuja kupumzika kwako. Anakupa uso wake uliochoka kwa sababu kwako ndiko anakoruhusiwa kuchoka.

Sasa sikiliza. Ulipouona uso wake umetoka rangi siku ile mezani, ulikuwa na sababu ya kusita. Sawa. Lakini Alhamisi hukuwa nayo. Mtu mzima amekunjwa shati mbele za watu kwa jambo lako, wewe ukavuka barabara na kapu. Hapo, mama, nimekukasirikia, na nitabaki nimekasirika mpaka umalize nitakayokuambia.

La msusi liache huko huko kwenye vitana. Kusema umeibiwa kitambulisho ni kutoka kwenye shimo moja kuingia refu zaidi, na watamtafuta mwizi, na wakimkosa watamshika mwingine kama fundi saa. Usifute kitu. Usitupe laini. Usifungue akaunti nyingine hata ya kuaga, nimekujua wewe, utataka kuaga. Hela iliyobaki humo ihesabu imekwenda.

Mwambie binti yako siku yake ya mapumziko, asubuhi, si mlangoni anapokimbilia kazini. Mwambie yeye kwanza, kabla ya baba yake, kwa sababu hofu ni yake na kazi ni yake. Weka simu mezani, fungua zile jumbe, asome mwenyewe. Usianze na "nilikuwa nakukumbuka". Anza na "Bwana Mpole ni mimi". Kila dakika unayozunguka, anaendelea kumwogopa mwanaume ambaye hayupo.

Kuhusu kiapo chake, tulia. Aliapa asichokijua, hakusema uongo. Lakini saa atakayojua na kunyamaza, hapo uongo utakuwa wake. Ndiyo maana nasema siku ya mapumziko, ili kesho yake aende kwa msimamizi kabla majibu ya ofisi hayajafika. Aende yeye, na karatasi uliyoiandika kwa mkono wako huo huo wa darasa la nne: kwamba ulijiandikisha wewe, yeye hakujua, hukuwahi kupangiwa karata, na hizo hapo jumbe zote na dau zote. Usiende naye. Usijitokeze getini na kanga ya huzuni kumwombea. Ukiitwa, nenda, ukijibu jibu ulichoulizwa tu.

Je, atabaki na kazi? Sijui, na atakayekuambia anajua anakuuzia kitu. Huenda wakamwelewa, maana mtu anayekula njama hamwambii mwenzake avue viatu. Huenda wakamtoa, sheria ni sheria. Akitolewa, utakuwa umemgharimu kazi, na utalibeba hilo bila kumwambia hata siku moja kwamba ilikuwa kazi mbaya.

Mume wako mwambie siku hiyo hiyo, binti akiwepo, spana ikiwa chumba kingine. Atapiga kelele. Mwache. Akimaliza, mkamate mkono muende wote wawili kituoni, si nyumbani kwa fundi saa kwa siri. Alidhalilishwa penye watu, asafishwe penye watu, asubuhi wakati kituo kimejaa. Mume aombe radhi kwa mkono wake uliokunja shati. Wewe sema kwa sauti, wale watoto wasikie, kwamba Bwana Mpole ni wewe. Mtachekwa. Chekweni. Kisha muulize siku ngapi hakufungua na vidude gani vimepotea, mlipe, hata kwa kumpigia pasi mashati yake mwaka mzima.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Utakapomwambia binti yako, usilie kabla yake. Ukitangulia kulia wewe, mtoto huyo mwema ataacha hofu yake na hasira yake aanze kukubembeleza, na atarudi tena kazini kutabasamu, safari hii nyumbani kwenu. Kaa kimya. Mwache akukunjie uso, akufokee, afunge mlango. Usimgongee. Kaa nje ya mlango huo mpaka aufungue mwenyewe, na akitoka hana tabasamu, mpishe apite.